Sauti Ifikayo Mhezi

Mtu atokaye Tanga kwenda Same kwa njia ya nchi kavu huandamana na milima mkono wake wa kulia tangu Korogwe hata mwisho wa safari: kwanza Usambara, iliyosimama juu ya Mombo na Mazinde mfano wa ukuta wa husuni, na kisha, baada ya uwazi wa Mkomazi, milima ya Upare, ambayo huanza kwa haya karibu na Hedaru na kuzidi heba kadiri gari linavyoikaribia Makanya. Mkono wa kushoto ni nyika ya migunga na mashamba ya mkonge, na mbali, mahali macho yanapochoka, mstari wa miti mibichi huonyesha mto Pangani unakopita. Mimi ni mtu wa pwani, niliyezoea upeo usiozuiwa na kitu ila mawingu. Kwa hiyo kila nipitapo njia hii hushikwa na mshangao, nikajiuliza watu waishio juu kule, nyuma ya majabali yale, hupata vipi habari za ulimwengu, na ulimwengu hupata vipi habari zao.

Swali hilo, ambalo kwa miaka mingi lilinijia na kunitoka kama upepo wa dirishani, safari hii lilikuwa ndiyo sababu ya safari yenyewe. Katika mazungumzo ya barazani, kijana mmoja mwenye akili na adabu alikuwa amesema mbele yangu kwamba utangazaji wa umma umekwisha kazi yake. Kwamba zama hizi za simu mfukoni hazina haja ya redio ya taifa wala televisheni ya taifa, kwa kuwa kila mtu sasa hujichotea habari mwenyewe, saa aitakayo na mahali apendapo. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu ambalo ningeweza kuliapia. Lakini nilikuwa na rafiki, mwalimu mstaafu, tuliyefundisha pamoja Tanga katika ujana wetu, ambaye baada ya kupokea kiinua mgongo chake alirudi kwao Mhezi, katika Upare Kusini, na mara nyingi amenipelekea salamu kwamba niende nikamwone kabla mmoja wetu hajatangulia. Nikaona hakuna mizani bora ya kupimia maneno ya kijana yule kuliko mlima.

Mji wa Same umekaa chini ya milima, mahali pakavu, kwa kuwa mawingu yatokayo Bahari ya Hindi humwaga mzigo wake upande wa mashariki na juu ya vilele, yakavuka kuja Same yakiwa karibu matupu. Reli ya Tanga ilipita hapa ikienda Moshi, ambako ilifika mwaka 1911, na barabara kuu iendayo Arusha hupita hapa hata leo. Hivyo Same ni mji wa wapita njia, na mtu akaaye humo hapungukiwi habari. Gari la abiria lililonichukua kwenda juu lilikuwa limejaa mabati, madumu ya mafuta na mifuko ya sukari, na dereva alikuwa amefungulia redio ya TBC Taifa tangu stendi. Tulipoanza kupanda, sauti ya mtangazaji ilikuwa safi kana kwamba yumo pamoja nasi, kwenye kona ya tatu ikakwaruza, tulipoingia ubavuni mwa mlima ikazimika kabisa, na abiria wakaendelea na mazungumzo yao bila kustaajabu, kisha, tulipotokea juu ya mgongo mwingine, ikarudi ghafula katikati ya neno, na mama mmoja aliyempakata mtoto akasema kwa utulivu, kama mtu atajaye jina la kituo, “Haya, tumefika kwenye redio.”

Neno lile la mama lilinifunza zaidi ya vitabu. Mawimbi ya FM, yaliyo baina ya megahezi 88 na 108, huenda mbele kwa unyofu kama mwanga wa kurunzi, na mahali mlima unapotia kivuli chake, hapo sauti nayo hutiwa kivuli. Zamani, redio yetu ilipotegemea mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, mambo yalikuwa mengine: yale ya kati hutambaa juu ya uso wa ardhi na kuipita mikunjo yake, na yale mafupi hurushwa juu, yakagonga tabaka za anga na kurudi chini mbali sana na yalikotoka, kama mpira unaodundishwa kwenye dari. Sauti za namna hiyo zilikuwa na mikwaruzo na mawimbi ya kuja na kutoweka, lakini zilikuwa hazibagui bonde na kilele. FM imetuletea usafi wa sauti, na bei ya usafi huo ni minara: kila bonde linahitaji mnara unaoliona, na kujenga mnara kwa ajili ya kaya mia chache ni hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote mwenye akili timamu ataikataa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini lazima awepo mtu asiyekuwa mfanyabiashara.

Nilifika Mhezi alasiri. Nyumba zimetawanyika katika mikunjo ya mlima, kila moja na migomba yake, na mashamba ya mahindi na maharage yamepangwa juu ya miteremko ambayo mtu wa pwani angeogopa kusimama, sembuse kulima. Mwalimu alikuwa amesimama njiani, amezeeka, amekonda, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya darasani. “Karibu, ndugu yangu,” akasema, “umekuja na magoti yako yote mawili?” Tukala makande, chakula ambacho kwa Wapare si cha mgeni tu bali ni utambulisho, na baada ya magharibi akaitoa redio yake ndani, akaiweka juu ya kigoda uani, akaunganisha kwenye antena yake waya mrefu uliofungwa juu ya mgrivea. Waya ule ndio mnara wake. Bila waya, alisema, husikia mvumo wa nyuki. Akiwa nao husikia taifa.

Watu wakaja mmoja mmoja, wakaamkiana, wakakaa: jirani na mkewe, vijana wawili waliotoka kukata majani, ajuza aliyeletwa na mjukuu. Nikakumbuka kwamba ndivyo nilivyoijua redio utotoni, kitu cha kukusanyikia, ambacho mwenye nacho hakuthubutu kukifungulia peke yake. Tukasikiliza taarifa ya habari, na ilipokwisha, wazee tukaingia katika kumbukumbu, kama ilivyo ada ya wazee waliofurahi.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza Julai 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na kweli ilikuwa sauti ya Dar es Salaam, kwa maana mtambo wake wa kwanza ulikuwa dhaifu na haukufika mbali na mji. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965, nchi ikiwa imekwisha kuwa huru na kuungana na Zanzibar, serikali ikaishika kazi hiyo yenyewe na kuiita Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sisi wote tuliijua kwa herufi zake tatu, RTD. Kutoka katika jengo lake la Barabara ya Pugu zilitoka sauti ambazo Mwalimu aliziiga usiku ule mbele yetu kwa mapenzi ya mwana: David Wakati, Edda Sanga, Julius Nyaisangah, Ahmed Jongo akitangaza mpira hata asiyeona akauona, na Deborah Mwenda, ambaye kwa kipindi cha Mama na Mwana alikuwa bibi wa watoto wa nchi nzima. Kutoka jengo hilo hilo zilirushwa pia sauti za wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Zimbabwe, Namibia na Angola, waliopewa mawimbi yetu ili waseme na ndugu zao waliofungwa midomo nyumbani.

Nilimwuliza Mwalimu redio ilimfanyia nini yeye, si taifa. Alinyamaza kidogo, akasema, “Ilinichimbisha choo.” Watu wakacheka, naye akaendelea akiwa hana utani. Mwaka 1973, akiwa kijana, alikuwa mmoja wa waongozaji wa vikundi vya Mtu ni Afya, kampeni ambayo kila juma ilikusanya watu kuizunguka redio, kijitabu mkononi, wakasikiliza kipindi, kisha wakazima redio na kuulizana wenyewe: maji yetu je? mbu wetu je? choo chetu je? Na wakiisha kukubaliana, wakashika majembe. Watu kiasi cha milioni 2 walishiriki nchi nzima, katika makundi yapatayo 75,000, na mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai, kwa njia ile ile. “Fikiri,” alisema Mwalimu, “kipindi chenyewe kilikuwa kifupi. Kazi ilianza kilipokwisha.” Nami nikaongeza habari ya mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993 kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI kwa njia ya hadithi, ambao watafiti waliupima kwa kulinganisha mikoa iliyousikia na Dodoma, ambako kwa miaka miwili ya mwanzo haukurushwa, wakakuta kwamba waliousikia walikuwa wamebadilika kweli katika fikira na vitendo.

Ajuza yule, aliyekuwa kimya muda wote, akasema yeye anakumbuka siku ya Sokoine. Tarehe 12 Aprili 1984 jioni redio ilibadili sauti yake, na Rais Nyerere mwenyewe akawaambia wananchi kwamba Waziri Mkuu wao amefariki kwa ajali ya gari. “Tulikuwa shambani kwa jirani, tukalia na watu tusiowaona,” alisema. Sijapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo, wala bora, ya maana ya utangazaji wa umma: kulia na watu tusiowaona, saa moja, kwa neno moja. Zilikuwapo sauti nyingine pia usiku wa mawimbi mafupi, BBC tangu mwaka 1957, na baadaye za Marekani na Ujerumani, nazo zilitufundisha mengi; lakini hakuna hata moja kati yao iliyokuwa na wajibu wa kujua kwamba mtu wa Mhezi amelazwa Muhimbili na ndugu zake hawana habari.

Hata hivyo nisingetaka msomaji afikiri kwamba watu wa milima hii walikuwa bubu kabla ya redio. Miaka sita kabla ya Sauti ya Dar es Salaam, Januari 1945, maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakaa Same mbele ya ofisi za serikali, kuipinga kodi mpya ya mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Na mwanahistoria Isaria Kimambo, mwana wa Upare, ameiandika habari hiyo kwa uangalifu mkubwa. Hawakuwa na mtambo wala gazeti lao. Neno lilitoka bonde hata bonde kwa miguu, likakusanya watu kuliko tarumbeta. Mwalimu, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwao, alinieleza kwamba kilichowauma wazee wale hakikuwa fedha peke yake, bali kule kuambiwa jambo kubwa na watu ambao hawakuwauliza. Basi nikafahamu kwamba sauti ya umma ina njia mbili, na ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza: haitoshi neno kupanda mlima, lazima neno la mlima nalo literemke.

Usiku wa pili tulialikwa kwa jirani mwenye televisheni. Juu ya paa lake palikuwa na paneli ya sola na dishi, na hapo nikaona ajabu nyingine ya elimu, kwamba mlima unaozuia FM hauna uwezo juu ya setilaiti, kwa sababu ile huangusha matangazo yake kutoka juu kama mvua. Bara lilichelewa kupata televisheni; Zanzibar ilikuwa na ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati viongozi wa bara wakiiona kuwa anasa, na hata vituo vya watu binafsi vilitangulia mwaka 1994 kabla ya Televisheni ya Taifa kuzinduliwa. Hiyo na redio zikawekwa chini ya taasisi moja mwaka 2002, na kutoka hapo mwaka 2007 ikaundwa TBC tunayoijua leo, yenye TBC Taifa, TBC FM na TBC International kwa masikio, TBC1 na Tanzania Safari Channel kwa macho. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mahali ilipozimwa picha haziingii nyumbani ila kwa king’amuzi. Watu kumi na wanane tulikaa mbele ya kioo kile kidogo, watoto chini, wazee vitini. Nami nilihesabu moyoni gharama ya paneli, betri, dishi na king’amuzi, nikaona kwa nini ni nyumba moja kati ya nyingi.

Mjukuu wa Mwalimu, binti wa sekondari, alinionyesha njia ya tatu. Asubuhi alinipeleka kwenye jiwe moja kubwa juu ya nyumba, mahali mtandao wa simu unaposhika, akanifungulia kipindi kilichorushwa juma lililotangulia, ambacho babu yake alikikosa kwa sababu betri za redio zilikuwa zimekwisha. Nikakiri mbele yake kwamba hii ni fadhila ambayo sisi hatukuwa nayo: wimbi likipita limepita, na asiyekuwapo amekosa milele, bali mtandaoni neno hukaa likimngoja mwenye kulihitaji. Lakini kabla kipindi hakijafika nusu bando lilikwisha, naye akaifunga simu bila kulalamika, kama mtu aliyezoea kuhesabu matone. Kijana wa barazani alisema kweli kwamba kila mtu sasa hujichotea mwenyewe. Hakusema tu kwamba kisima hiki kina bei ya kila ndoo.

Siku ya tatu, alfajiri, Mwalimu alinichukua kwenda kuona ndiva. Msomaji wa pwani aelewe kwamba ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, ambalo Wapare wamelijenga katika milima yao tangu enzi za mababu. Maji ya chemchemi, ambayo ni machache mno kumwagilia shamba yakitiririka peke yake, huachwa yajae humo usiku kucha, na asubuhi mlango wake hufunguliwa, yakateremka kwa nguvu katika mifereji, kila mwenye shamba akapata kwa zamu yake. Hakuna anayeyauza. Tope likijaa, watu huitana kwa msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, wakalizoa pamoja. Tulisimama ukingoni, baridi ikituuma mikono, tukamtazama msimamizi akiuzibua mlango kwa mti mrefu, na maji yakatoka na mvumo.

Nikamwambia rafiki yangu kwamba hicho ndicho nilichokuja kukitafuta. Redio ya taifa hukusanya vijito vidogo ambavyo peke yake havifiki popote: shairi la mtunzi wa kijijini, ushauri wa bwana shamba, nyimbo za NUTA Jazz na Morogoro Jazz ambazo RTD ilizirekodi katika studio zake na kuzihifadhi katika maelfu ya kanda, msiba wa familia moja, hotuba ya rais; huvihifadhi vyote, kisha hufungua. Redio, televisheni na mtandao ni mifereji mitatu ya bwawa moja, na hakuna sababu ya kuugombanisha mfereji na mfereji. Mwalimu alisikiliza hata nikamaliza, kisha akasema, “Sawa. Lakini watu wa ndiva hawaipimi hapa mlangoni. Hapa maji hayajakosa kuwapo hata siku moja. Wao huenda shamba la mwisho, wakatazama kama udongo umelowa.” Akaanza kuteremka kuufuata mfereji, nami nikamfuata, tukaenda mwendo wa nusu saa hadi shamba la mwisho, ambalo ni la ajuza yule wa Sokoine. Maji yalikuwa yamepungua sana, lakini yalikuwa yamefika.

Jioni ile, nikifunga mzigo, ajuza alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kaka yake alikuwa amefariki mwezi uliopita. Mwana mmoja wa marehemu aliondoka zamani kwenda kufanya kazi ya mkonge upande wa Tanga, akaandika barua mbili tatu, kisha akanyamaza. Na sasa ukoo ulikuwa umepanga siku ya kukaa na kugawana urithi, wala hawakutaka kukaa bila yeye. Nikamwuliza kama hawakujaribu simu. “Simu, baba, huwapata wale tulio na namba zao,” alisema. “Huyu hatuna namba yake. Redio humtafuta hata asiyejulikana aliko.” Nikaipokea karatasi kwa mikono miwili.

Niliiteremsha mlima katika mfuko wa shati langu, nikaipitisha Makanya na Hedaru na Mombo, safari hii milima ikiwa mkono wangu wa kushoto, na nilipofika Tanga niliipeleka kunakostahili, nikalipa ada ya tangazo, nikarudi nyumbani. Siku iliyopangwa nilikaa barazani kwangu saa moja kabla ya wakati, na yule kijana mwenye akili na adabu, ambaye sikumwambia neno, alinikuta hapo akakaa kando yangu. Msomaji wa matangazo alisoma taarifa kwa zamu, za Singida, za Newala, za Kilosa, kwa sauti isiyopendelea wala kuharakisha. Kisha akasema jina la marehemu, na jina la ajuza, na jina la mwana anayetafutwa, na mwisho akatamka, taratibu, kila silabi kwa haki yake: Mhezi, Same.

Kama mwana yule yu hai na alikuwa karibu na redio saa ile, ni Mungu ajuaye. Lakini mashamba ya mkonge ya Tanga ni tambarare, hayana mlima wa kutia kivuli. Na huko juu, kwenye kigoda uani, waya ukiwa umefungwa juu ya mgrivea, najua walikuwapo watu waliokaa kimya wakasikia jina la mahali pao likitajwa mbele ya nchi nzima. Kijana aliniuliza, “Mhezi ni wapi, mzee?” Nikaanza kumweleza njia tangu Korogwe.